Mwenyewe ametoka, mwili umebaki: jinsi ya kukaa na mtu aliyekula ketamini, dawa ya kikohozi ama mnanaha

Wacha nianze na hii ndio isipotelee huko chini. Ukipata mtu amezima na hujui amekula nini, usianze kupekua mifuko yake ama kugombana na marafiki zake, angalia pumzi kwanza. Weka mkono kwa tumbo yake, toa simu, hesabu dakika nzima. Mtu mzima akiwa ametulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ikifika chini ya 10, ama anakoroma kama maji yanachemka kooni, ama ukifungua mdomo ufizi na ulimi vimeingia rangi ya kijivu (ngozi yetu nyeusi haikuonyeshi kitu, lazima uangalie ndani ya mdomo), hiyo si ya kungoja kukuche. Hapa Kenya piga 999 ama 112, ama 1199 ya Msalaba Mwekundu, na kama ambulensi inasumbua tafuta gari yoyote hapo nje. Mengine yote nitasema ni ya wakati mtu anapumua vizuri.

Mimi si daktari. Niko na duka la dawa Umoja, Nairobi, na kabla ya hapo nilikaa kasualti miaka kadhaa nikisukuma machela na kusafisha vidonda, ndio maana watu wa ploti wananiita dokta na ndio maana nabishiwa mlango saa nane usiku. Nimeandika hii kwa sababu nimechoka kupata mtu ameshamwagiwa maji baridi, amenyweshwa maziwa na chumvi, ameombewa, alafu sasa ndio naitwa.

Hizi dawa zinafanya nini hasa

Kuna kundi la dawa zinatenganisha akili na mwili. Ukimuuliza mtu amezitumia atakwambia niliona mkono wangu lakini haikuwa wangu, ama nilikuwa huko juu ya dari najiangalia. Si ulevi wa pombe na si bangi. Ubongo wako unapitisha ujumbe mwingi kwa kemikali inaitwa glutameti, na hizi dawa zinaziba mlango mmoja wa hiyo glutameti unaitwa NMDA, basi habari za mwili (maumivu, miguu iko wapi, saa ngapi, mimi ni nani) zinaacha kufika. Ketamini ndio mkubwa wa hiyo familia. Ilitengenezwa 1962 Marekani na mkemia anaitwa Calvin Stevens akitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya PCP, dawa ya zamani ya kulaza wagonjwa, ambayo ilikuwa inaamsha wagonjwa wakiwa wamechizi. 1964 ikajaribiwa kwa watu, wafungwa huko Michigan, na daktari Edward Domino alikuwa anahangaika ataiitaje hiyo hali, mke wake ndio akampa hilo jina la kutenganishwa.

Na usidhani ni uchafu wa mtaani tu. Ketamini iko kwa orodha ya dawa muhimu ya WHO, Shirika la Afya Duniani, na huku kwetu imesaidia wamama wengi sana kujifungua kwa upasuaji na watoto wengi kurudishwa mifupa, kwa sababu mgonjwa analala lakini mara nyingi anaendelea kupumua mwenyewe hata kama hakuna mashine. Shida ni ile ya klabu na ya nyumba za watu, hakuna mtu ameshika pumzi yako na hakuna anayejua kwa hiyo unga kumewekwa nini kingine.

Sasa hii ndio naambia watu kila siku. Chukulia ni ploti. Mpangaji ametoka, mlango ameacha wazi, sufuria iko kwa moto. Wewe ndio keateka mpaka arudi. Mara nyingi kinachoua si dawa yenyewe, ni kile kinapata mwili ukiwa hauna mwenyewe: matapishi, maji, barabara, balkoni ya ghorofa ya nne, jiko. Matthew Perry yule muigizaji alikufa Oktoba 2023 kwa sababu ya ketamini, lakini alipatikana kwa maji, na kuzama kuliandikwa kama moja ya vitu vilichangia. Mtu mzima, nyumbani kwake.

Na mimi mwenyewe nishawahi kukosea hapo hapo. Miaka ya nyuma jamaa mmoja kwa sherehe ya keja alikuwa amekaa kwa kiti cha plastiki kichwa nyuma, macho wazi yanacheza kushoto kulia kushoto kulia, haraka haraka kama mtu anasoma kitu hakipo (hiyo ya macho kucheza ni alama kubwa ya ketamini, ishike). Nikasema huyu anahitaji kuoga, tukambeba watatu mpaka bafuni, tukafungua maji. Miguu haikuwa na habari, akateleza, akagonga kidevu kwa sinki na hakusema hata ai. Damu inatoka na yeye anaangalia ukuta. Kesho yake ndio alijua ana jino moja chini.

Basi unafanya hivi

Mlaze kwa ubavu. Si mgongo, na usimwache kwa kiti kichwa kimeanguka nyuma. Mguu wa juu ukunje goti liguse sakafu ndio asibingirike, mkono wa juu uweke chini ya shavu, kidevu kiinuke kidogo ndio koo ifunguke, mdomo uelekee chini ndio akitapika itoke nje. Ketamini inajaza watu mate na inatapisha, na ikichanganywa na pombe ndio balaa, kwa sababu pombe inapunguza pumzi na ketamini inafanya asijue anakabwa. Vivyo hivyo kwa vidonge vya usingizi, ile bugizi na ndugu zake.

Punguza mwanga, zima muziki, toa watu. Nyumba ikiwa na watu kumi wote wanapiga kelele "uko sawa? uko sawa?" huyo mtu akirudi nusu atarudi na hofu na atapigana. Abaki mmoja anamjua, aongee pole pole, maneno mafupi, "uko kwako, ni mimi, umekula dawa, itaisha." Rudia hata mara ishirini, kwa sababu hashiki. Usimuulize maswali ya historia. Usimfunge kamba, na wale wa kumkalia mgongoni akiwa amelala kifudifudi ndio atulie, acheni kabisa, watu wanakufa hivyo wakikosa hewa.

Toa jiko nje, hata kama ni baridi ya Julai. Moja kwa sababu atalikanyaga na hatasikia, mbili kwa sababu jiko la makaa kwa nyumba imefungwa linaua hata wale hawajakula kitu. Funga mlango wa balkoni na wa ngazi. Alafu akiamka mkague mwili mzima, nyayo, viwiko, nyuma ya kichwa, kwa sababu maumivu yatakuja baadaye na kidonda kimeshakaa saa sita.

Usimpe kitu cha kunywa kama hawezi kushika kikombe mwenyewe. Maziwa hayaondoi sumu. Maji ya chumvi ni sumu ingine juu ya ile. Usimtapishe kwa vidole.

Ketamini ikinuswa kawaida inaisha ndani ya saa moja ama mbili hivi na baada ya hapo ni kuyumba tu. Basi mtu akiwa bado hajui jina lake baada ya masaa mengi, ama joto linapanda, ama amepata degedege, si ketamini peke yake, mpeleke.

Mnanaha si ndugu ya ketamini

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio nimeona ikichanganya watu zaidi, hadi wale wa hospitali. Mnanaha ni ule mti mfupi unamea kwa takataka, kando ya reli, kwa shamba la mahindi, maua marefu kama tarumbeta meupe ama zambarau, na tunda kama limau dogo limejaa miiba. Wengi Nairobi wanauita datura tu. Ndugu yake ni lile ua kubwa linaning'inia kuelekea chini kwa fensi za watu Karen na Limuru, linanukia vizuri usiku. Zote ziko na atropini na skopolamini, na hizo haziguzi glutameti, zinaziba mlango wa kemikali ingine ya mwili inaitwa asetilikolini, mlango mwingine kabisa. Ketamini inakutoa kwa dunia na mara nyingi unajua kuna kitu si kawaida. Mnanaha unakuletea dunia ingine na hujui kama si ya kweli. Unaongea na mtu hayuko na unakasirika akinyamaza.

Kijana wa ploti yetu, miaka kumi na tisa hivi, aliambiwa na wenzake kuna mbegu za bure zinashinda bangi. Nilimpata asubuhi kwa kamba za nguo, amesimama anaanua nguo. Hakuna nguo. Anachukua shati halipo, analikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, analiweka kwa mkono mwingine juu ya zile zingine hazipo. Akanigeukia akaniambia, "Dokta, nishikie pegi." Nikanyoosha mkono, ningefanya nini. Akaniwekea hewa kwa kiganja na akafunga vidole vyangu ndio zisianguke. Mboni za macho zimejaa, nyeusi tii, huoni rangi ingine. Nikamgusa kwapa na mgongo wa mkono: moto, na kavu kabisa.

Hiyo ya kwapa ndio kipimo changu. Mtu amechizi, ana joto, moyo unakimbia, na kwapa ni kavu, fikiria mnanaha ama rundo la vidonge vya mzio. Akiwa na joto na amelowa jasho chapachapa, hiyo ni hadithi ingine. Mdomo pia unakauka hadi ulimi unashika kwa meno, na mkojo unakwama. Huyo kijana alikuwa na tumbo ngumu hapa chini ya kitovu kama amemeza mpira, na hospitali walipomwekea mpira wa mkojo mfuko ulijaa palepale.

Mathe yake alikuwa ameshasema amerogwa na jirani alikuwa ameshaleta Piriton ndio alale. Hapana! Piriton na ndugu zake za mzio zinaziba mlango ule ule mnanaha umeziba, ni kuongeza petroli. Hata Largactil ile watu wamezoea kuona mtu mwenye wazimu akichomwa ina hiyo tabia, ndio maana lazima umwambie daktari unashuku mnanaha, asidhani ni ugonjwa wa akili wa kawaida. Kuna dawa ya kuupindua inaitwa fizostigimini lakini usihesabie kuipata, mara nyingi wanatumia dawa za kutuliza, maji ya mshipa, kupooza mwili, na kuangalia moyo.

Inakaa siku moja hadi mbili, saa zingine zaidi. Na hakuna kipimo salama, mti mmoja na mwingine haulingani, hata mbegu za tunda moja hazilingani. Machi 2019 huko Karamoja Uganda chakula cha msaada kilichafuliwa na hizi sumu za jamii ya mnanaha, karibu watu 300 wakaugua na 5 wakafa, na hao hawakuwa wanatafuta kulewa, walikula uji. Kwa hivyo sheria yangu ya mnanaha ni fupi: hakuna ya kukaa naye nyumbani. Mpeleke.

Dawa ya kikohozi

Hii naiona kwa kaunta yangu. Anakuja kijana, hana kikohozi, anataka chupa tatu na anataka zile za jina fulani. Kitu wanatafuta kinaandikwa kwa chupa dextromethorphan, ambayo kwa kipimo cha kikohozi haina shida, imekuwa sokoni tangu 1958. Kwa wingi inaanza kufanya kama ketamini. Sasa ubaya ni kwamba chupa nyingi haina hiyo pekee. Geuza chupa usome ule upande mdogo. Ukiona parasetamo imo, hiyo ndio ya kukutia hofu, kwa sababu mtu atalewa, ataamka, atakula chapo, ataenda kazi, na ini lake linakufa pole pole, dalili za ukweli zinakuja siku ya pili ama ya tatu macho yakianza kuwa manjano. Dawa yake iko na inafanya kazi vizuri sana ikipewa ndani ya saa 8, kwa hivyo usiangalie kama anajisikia poa. Angalia saa alikunywa, beba chupa, enda.

Kama anatumia dawa za mfadhaiko, zile kama fluoxetine na sertraline, ama anameza tramadol ya maumivu, dextromethorphan juu yake inaweza kumletea mwili kutetemeka, taya kukaza, miguu kuruka yenyewe, jasho na homa kali. Huyo ndio yule wa kwapa limelowa. Hospitali, mara moja.

Na usichanganye na ya kodini. Hiyo ni ya familia ya heroini, mboni inakuwa ndogo kama ncha ya sindano na pumzi inapungua, na iko na dawa ya kuirudisha, naloksoni.

Gamu na gesi, kwa haraka

Wale vijana wa chupa ya gamu mdomoni, pale Globe na Ngara, pia wako kwa hii habari, kwa sababu toluini ya gundi inagusa hiyo hiyo NMDA na inakula ubongo vibaya. Kitu kimoja tu: usiwakimbize. Moyo wa mtu amenusa gundi ukishtuliwa ghafla unaweza kusimama. Wale wa kuwafukuza na rungu hawajui wanafanya nini, ama wanajua.

Gesi ya kucheka, ile ya vichupa vya krimu ya keki, inaharibu vitamini B12 mwilini. Mtu akianza kusema miguu inakufa ganzi, anatembea kama amevaa soksi hajavaa, aache na aende akapimwe, mishipa ikiharibika sana hairudi yote. Na isivutwe kamwe na mfuko kwa kichwa.

Ukienda hospitali

Usimbebe mshikaki kwa boda, yeye katikati nyinyi wawili mmembana. Kichwa kinaanguka mbele, koo inajifunga, na kuna mmoja nilisikia aliruka hapo Outering kwa sababu aliona boda imefika. Tafuta gari, alale ubavu kiti cha nyuma, mtu akae karibu na kichwa chake.

Beba ushahidi: chupa, karatasi, tunda la miiba, hata matapishi kwa mfuko. Sema ukweli, saa ngapi, nini, na pombe kiasi gani. Watu wanaogopa polisi wanasema "alikuwa tu anakula chips", alafu daktari anabahatisha. Na usitegemee vile vipimo vya mkojo vya kawaida, vingi havishiki ketamini wala mnanaha, kwa hivyo "kipimo kimesema hana kitu" haimaanishi hana kitu. Wakikwambia leta pesa kwanza ndio aonwe, Katiba kifungu cha 43(2) kinasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Sema kwa heshima lakini sema, mimi nimeona ikifungua mlango.

Baadaye

Akiwa bado anaona vitu ama anasikia sauti siku tatu baada ya dawa kuisha, hiyo ipelekwe kwa wa afya ya akili, Mathari ama kliniki yoyote iko na hao, haswa kama kwa familia kuna mtu amewahi kuugua hivyo. Kama ni wa ketamini ya kila wiki muulize kuhusu mkojo, hata kama anaona aibu: anaamka mara ngapi usiku, inachoma, kuna damu? Ketamini inachubua kibofu mpaka kinakuwa kidogo, mtu wa miaka 25 anakojoa kila nusu saa kama mzee. Akiacha mapema mara nyingi inapata nafuu. Anayetaka kuacha na hajui aanzie wapi, NACADA, wale wa serikali wa kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wako na 1192, haulipii kupiga.

Yule wa mnanaha alitoka wodi siku ya tatu. Alikaa karibu wiki bila kusoma meseji, maandishi yote yalikuwa ukungu, dadake ndio alikuwa anamsomea. Alikuja dukani na mathe yake kushukuru na hakumbuki kitu hata kimoja, si kamba, si mimi. Mathe akamwambia ulimpa dokta pegi ashike. Akaniangalia mkono.